Gari Lisilokunywa

Watu wananiita Mama Povu. Wateja wanasema ni kwa sababu ya sabuni, maana kazi yangu ni udobi. Wanaonijua kwa karibu wanasema ni kwa sababu ya mdomo. Wote wamesema kweli, na haya nitayasimulia kwa mdomo huohuo, mwenye moyo mwepesi ajikaze. Nilisalitiwa. Nalitaja mapema nisije nikaonekana nimeficha kitu, maana katika kisa hiki wapo walioficha vya kutosha. Nilisalitiwa kwa mafuta ya gari, na walionifanyia hivyo nawafulia nguo mpaka leo.

Udobi wangu naufanyia nyuma ya nyumba tunayokaa na Mama. Kuna mashine mbili za kufulia zinazotikisika mpaka vikombe vya jikoni vinagongana, kuna kamba zilizokatiza ua mzima, na kuna chumba cha pasi ambamo Mama huketi dirishani akikunja foronya, miguu juu ya kigoda, ulimi ukifanya kazi kuliko mikono. Mdomo wangu sikuuokota barabarani.

Kila nguo inayoingia kwetu inashonwa uzi pembeni ili zisichanganyike. Mashuka ya hospitali uzi mwekundu, ya nyumba ya wageni uzi wa bluu, mataulo ya saluni uzi mweusi. Vitu vyetu wenyewe vina uzi wa kijani. Cha mteja kinahesabiwa kinapoingia na kinapotoka, kimoja kimoja, mbele ya macho yake, ili kesho mtu asije akanisimamia mlangoni na kilio cha foronya iliyopotea. Cha kijani hakihesabiwi. Kinatupwa kapuni, kinafuliwa, kinarudi kabatini. Ndiyo sheria ya nyumba tangu nianze kazi, kwa sababu, jamani, nani atamhesabia mama yake magauni?

Mdogo wangu wa kiume tunamwita Tajiri. Alipewa jina hilo utotoni kwa sababu ya kutembea mikono mifukoni, mifuko yenyewe mitupu. Nilimlipia masomo ya udereva, nikamnunulia viatu vya kwendea kwenye mtihani, na alipopata leseni niliutangazia mtaa mzima kana kwamba nimeipata mimi. Ndiye aliyekuwa akinisambazia nguo, kwa gari la kukodi ambalo mwenye nalo alilichukua kila alipojisikia.

Halafu nikapata hospitali. Niliipata kwa kuiganda kama kupe mpaka wakachoka kunikataa. Mkataba wa mwaka mzima: mashuka safi yafike kila asubuhi kabla madaktari hawajaanza kupita wodini, na bei ni ileile mwanzo hadi mwisho, hata mafuta yapande mpaka mbinguni. Mpokeaji wa mashuka pale ni mtu mmoja mrefu, mkavu, asiyecheka; namwita Bwana Stoo. Alinieleza sharti lake akiwa amesimama mlangoni mwa stoo.

"Ukikosa mara moja, nitakuonya. Ukikosa mara ya pili, usilete tena."

Nikakaa nikapiga hesabu. Nikitoa sabuni, maji, umeme, na mshahara wa Bi Pasi, yule mama anayetunyooshea nguo na kusomesha wajukuu zake kwa pasi hiyohiyo, kilichobaki kwa mafuta ya gari kilikuwa kidogo, lakini kinatosha kwa mtu anayejibana. Nikakiweka kwenye bati la biskuti juu ya kabati, mafungu manne yaliyofungwa kwa mipira, fungu moja kwa kila wiki. Nikawaita Mama na Tajiri nikawaonyesha. Hili ndilo bati la mafuta. Halikopeshwi na haliongezwi. Gari tutakalonunua ni lile litakaloweza kuishi ndani ya bati hili. Likinywa kupita bati, hospitali imekwenda, na Bi Pasi amekwenda nayo, na sisi tunarudi kufua soksi za majirani.

"Tumekuelewa, mwanangu," Mama akasema. "Unaongea kama mtu anayehutubia kijiji."

Dalali alituonyesha magari mawili, yote ya mizigo, yale yenye mlango wa kusukuma ubavuni. La kwanza lilikuwa dogo, la petroli, rangi imepauka, kioo cha pembeni kimeshikizwa kwa utepe. Tajiri alilizunguka akaguna.

"Dada, hiki ni kikobe. Watu wa hospitali watadhani tumekuja kuzoa taka."

La pili lilikuwa refu, jeupe, la dizeli, na mapazia madogo madirishani. Akalibatiza palepale: Bibi Harusi. Aliligusa bodi kwa kiganja, taratibu, kwa namna ambayo hajawahi kugusa kitu changu chochote.

"Linakunywaje hili?" nikauliza.

"Dizeli hainywi, Dada. Dizeli inalamba."

"Nyumba yetu ina walambaji wa kutosha. Tutayapima yote mawili."

Kupima unywaji wa gari si elimu ya chuo kikuu. Unajaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe. Unafanya mzunguko wako wa siku, na mzigo wako, kwa barabara zako zenye mashimo yako. Unarudi kwenye pampu ileile, unajaza tena. Kilichoingia mara ya pili ndicho gari lilichokunywa, hakuna porojo. Dalali alikubali tuyajaribu siku mojamoja, akachukua kitambulisho changu kama amana.

Siku ya Kobe nilikaa mbele na Tajiri, magunia ya mashuka nyuma yetu. Tulipita saluni, nyumba ya wageni, hospitali, tukarudi. Lilikohoa kwenye mlima na mlango wake ulifungika kwa kupigwa kiwiko, lakini pale kituoni ilionekana limekunywa kwa adabu. Nikapiga hesabu kwa vidole: bati lingetosha na senti za soda zingebaki.

Siku ya Bibi Harusi Tajiri alijaribu kunibakiza nyumbani kwa utani. "Pumzika leo, Dada. Wewe peke yako ni gunia zima, utalionea gari la watu."

"Gunia hili lilikuwa ndani ya Kobe," nikamjibu, "na leo litakuwa humu. Haki ni haki."

Alicheka, akanifungulia mlango kama dereva wa balozi. Mzigo alikuwa ameshaupakia mwenyewe kabla sijamaliza chai, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo, na mimi nikamsifu.

Hospitalini wasukuma vitoroli walishusha magunia yenye uzi mwekundu, nikaingia nayo stoo. Pale ndipo ninapojiona mtu. Bwana Stoo anasimama upande wake wa meza, mimi upande wangu, tunafunua shuka baada ya shuka. Mimi nasema, "Shuka moja," yeye analishika pembe, anatazama uzi, anajibu, "Limo." Tunakwenda hivyo mpaka la mwisho, na tukipotezana, hata kwa kupiga chafya, narudisha hesabu mwanzo. Wengine wanaona nawapotezea muda. Mimi naona kwamba mtu baki ni mtu baki, na ukimwamini bila kuhesabu, siku akikuibia usimlaumu.

Nilipotoka, Tajiri alikuwa akifuta kioo cha mbele huku akipiga mluzi.

Tukarudi kituoni. Mhudumu akaingiza bomba kwenye tenki, na kabla sijakaa vizuri pampu ikajikata. Nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu, ikajikata tena. Bibi Harusi, na mwili wote ule, alikuwa amekunywa kidogo kuliko Kobe.

"Nilikwambiaje?" akasema Tajiri.

Nikamwomba radhi palepale, mhudumu akisikia. Mimi, ambaye kuomba radhi kwangu ni sawa na kung'olewa jino. Kesho yake nikamlipa dalali, na akiba yangu ya miaka ikaondoka ndani ya bahasha moja.

Asubuhi iliyofuata, nikipanga nguo, nilikuta kwenye kapu letu la nyumbani taulo la Mama. Ni taulo nene lenye maua, na hamwazimi mtu. Siku moja niliwahi kujifutia uso nikapewa hotuba mpaka uso ukakauka wenyewe. Sasa lilikuwa limelowa dizeli, linanuka gereji nzima. Kwetu kila kichafu kinaishia kapuni, mikono imezoea, haiulizi kichwa.

"Mama, taulo lako limepatwa na nini?"

"Tajiri alifutia mikono," akasema, bila kuinua macho kwenye foronya yake.

Nikafikiri, uzee unalainisha watu. Nikalifurahia hilo. Nikaliloweka, nikalisugua, harufu ikagoma, nikalirudia na sabuni ya unga na maji ya moto, nikaimba. Lilikuwa na uzi wa kijani pembeni. Sikuhesabu, na sikuuliza tena.

Sasa njooni muone gari lisilokunywa. Fungu la wiki ya kwanza liliisha wiki ikiwa bado changa. Tajiri akasema gari linazoea njia mpya. Fungu la pili likafuata mwenzake; akasema ni matope, mvua imenyesha. Nikachomoa la tatu kabla ya wakati wake. Akasema mafuta ya kituo kile yanachanganywa na maji. Na mimi, kwa kuwa ni ndugu yangu aliyesema, nikaenda kituoni nikamtolea mhudumu povu lote la ukoo wetu. Nikamwita mwizi mbele ya foleni ya magari. Yule baba aliningoja nipumue.

"Mama," akasema, "pampu haina undugu na mtu. Inatoa kilichoagizwa."

Nikaondoka nimeinua kidevu. Kidevu ndicho pekee nilichotoka nacho pale.

Mwezi wa pili bati lilikuwa jeupe chini kabla mwezi haujafika katikati. Nikajaza kwa fedha ya sabuni. Nikapunguza chai. Nikamwomba Bi Pasi angoje kidogo mshahara, akaniambia, "Hakuna neno, mwanangu," kwa sauti ambayo ndani yake neno lilikuwapo. Halafu asubuhi moja, kwenye ule mlima aliokohoa Kobe akapanda, Bibi Harusi akazima. Tenki lilikuwa kavu. Tulikodi mkokoteni, tukasukuma mashuka ya hospitali mimi na Tajiri, jasho likinitoka mpaka kwenye magunia. Tulifika madaktari wako wodini na wagonjwa wamelala juu ya magodoro matupu.

Bwana Stoo hakupaza sauti. Alihesabu yote, "Limo, limo, limo," kisha akasema, "Hii ni moja."

Njia nzima ya kurudi Tajiri alinishika bega. "Pole, Dada. Tutajua tufanyeje." Nilimshukuru. Nasema tena ili mnisikie vizuri: nilimshukuru.

Wakati huohuo Tajiri alikuwa na mchumba. Binti mwenyewe namwonea raha, mshonaji, mpole, anacheka kwa aibu. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu lakini nyumbani kwao sijafika. Siku ya kwenda kujuana na wazazi wake, tulipanda Bibi Harusi wote watatu, Mama upande wa dirisha na gauni lake la kutokea, Tajiri kwenye usukani, mimi nimebanwa katikati yao na keki mapajani. Nyuma tulikuwa tumeweka viti vya plastiki, maana walisema wageni ni wengi.

Sasa lazima niwaeleze ule mlango wa ubavuni. Mlango wa Bibi Harusi una kiburi. Ukiuvuta tu, hauji. Ni mpaka uunyanyue kidogo kwa mkono wa kushoto, uusukume ndani kama unaufunga, ndipo uuvute. Ilinichukua muda na kucha mbili kuujua. Dalali mwenyewe ulimshinda. Alitufungulia wa nyuma.

Tukafika. Baba wa binti akatoka kutupokea, mzee mnene mwenye uso wa furaha, akatushika mikono wote. Tajiri akawahi kusema viti tutavishusha baadaye, lakini mzee alikuwa ameshazunguka gari. "Ah, niacheni niwasaidie." Akaunyanyua mlango kwa mkono wa kushoto, akausukuma ndani, akauvuta. Ukafunguka kama siagi.

Nikasimama na keki yangu.

"Unaujua mlango huu, baba?" nikauliza.

"Nisiujue!" Akacheka, akalipiga gari kofi la mapenzi. "Gari hili nimekaa nalo mpaka likanizeesha. Binti yangu, Mungu akubariki. Walikuja wengi kulijaribu, kila mmoja alilirudisha, analalamika mafuta, mafuta. Mdogo wako akaniambia, dada yangu atalielewa. Nikamwambia, gari likishatoka ndipo tutazungumza habari za harusi, maana fedha ya kuwapokea wageni nilikuwa naitegemea hapo. Na kweli, ukalielewa!"

Mzee yule hakuwa na hila. Alidhani ananishukuru.

Nilikaa sebuleni kwao, nikala kwa chai yao keki niliyoileta mwenyewe, nikajibu nilipoulizwa. Mama yake binti alisema, "Dada yenu ni mkimya." Mama akakohoa. Nilikuwa nafikiri. Kwamba gari lilikuwa la mzee, sawa, walinificha, hilo ni dogo. Lakini nililipima! Nilikuwa ndani yake, kwa makalio yangu haya, mwanzo hadi mwisho. Nikairudia ile siku kichwani kama ninavyorudia hesabu ya mashuka. Saluni nilikuwa ndani ya gari. Nyumba ya wageni nilikuwa mlangoni mwa gari. Hospitali nilikuwa stoo, ninahesabu. Nilipotoka alikuwa akipiga mluzi. Na baada ya siku mbili kapuni kulikuwa na taulo.

Chai ile ikageuka shubiri.

Tulipoondoka nilibanwa tena katikati yao. Taa ya njano ya mafuta iliwaka kwenye dashibodi kabla hatujafika barabara kubwa. Wote watatu tuliiona. Watu wote wanajua mdomo wangu. Nadhani walikuwa wanauogopa. Lakini povu halikutoka. Nilimwuliza Mama, si Tajiri, na nilimwuliza polepole.

"Mama, taulo lako la maua lilikuwa limefunika nini?"

Tajiri akapunguza mwendo. "Dada, ngoja nikueleze..."

"Sijakuuliza wewe."

Mama alitazama dirishani. Alikuwa na mkoba wake mapajani, akaufungua, akaufunga. "Dumu," akasema. "Lile langu la jikoni. Alikuwa ameliweka hivihivi katikati ya magunia, linavuja mdomoni. Nikamwambia alizungushie taulo, mashuka yako yasije yakanuka."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja wema wake. Na ndicho kilichonivunja, zaidi ya dumu lenyewe. Alikuwa ameyahurumia mashuka.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: mimi nimesimama stoo namhesabia mtu baki asije akanipunja shuka, na nje mdogo wangu anajaza tenki kwa dizeli ya dumu, ili gari la mkwe wake lionekane halinywi, na mama yangu amempa dumu na taulo. Walijua nitakawia ndani. Walijua kwa sababu wananijua. Umakini wangu ndio uliowapa nafasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nazikagua mishono yote, isipokuwa za kijani.

"Nilimpenda yule msichana, Dada," Tajiri akasema. Alikuwa ameegesha pembeni, mikono bado kwenye usukani. "Mzee alikuwa hapati mteja. Ningefanyaje? Nilijua mwanzoni litakusumbua, lakini nikasema kazi ikikua..."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Ndiyo maana ya kuambiwa."

Akaanza kulia. Tajiri ana machozi ya karibu tangu mdogo, na tangu mdogo mimi ndiye ninayeyafuta. Safari hii niliyaacha yateremke.

"Na wewe, Mama? Uliliona bati. Nilikuonyesha kwa mkono. Ulijua hospitali ikienda tumekwisha."

Mama akanigeukia. Hakuwa na aibu usoni, na hilo sitalisahau. Alikuwa na uso uleule anaokuwa nao akinieleza namna ya kukunja shuka lenye mpira pembeni.

"Mwanangu, huyu akikosa mke anavunjika. Wewe huvunjiki. Ukimwagiwa maji unakausha, ukipotelewa unatafuta. Nilijua utamudu. Wewe siku zote unamudu."

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Kwetu alichuma mmoja, mwingine akamshikia kikapu, na mlaji nikawa mimi.

Harusi sikuivunja. Binti hakujua lolote, na mzee wa watu alisema ukweli wake wote bila kuulizwa. Lakini bati halingoji harusi ya mtu, na Bwana Stoo alikuwa amebakiza neno moja tu. Nilimuuza Bibi Harusi, na kwa kuwa niliwaambia wanunuzi ukweli kuhusu mafuta, niliuza kwa hasara. Kobe nilimtafuta, nikakuta amechukuliwa na muuza mayai, wanaishi vizuri. Nikapata mwenzake, wa rangi mbaya zaidi, na fedha iliyopungua niliitoa kwenye kiwanja changu. Nilikuwa nimenunua kipande cha ardhi pembezoni mwa mji, cha kujengea vyumba viwili vyangu mwenyewe, na dirisha ambalo mtu asingekaa akiniambia ninaongea sana. Nilikuwa nimeshapanda ua wa miti. Kikaenda.

Gari jipya nililipima mwenyewe, peke yangu, nimeajiri dereva wa kutwa ambaye hata jina la ukoo wake sikulijua. Hospitalini nilimchukua tukaingia wote stoo. Bati linatosha. Bi Pasi alilipwa. Hospitali ipo mpaka leo, na Bwana Stoo hajawahi kusema "mbili."

Jioni ya siku niliposaini kuuza kiwanja, nilimkuta Mama dirishani na foronya zake. Akanitazama nilivyotua mkoba, akanitazama nilivyojimiminia maji, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Si unaona?" akasema. "Nilijua utamudu."

Nilikwenda chumba cha pasi nikachukua mkasi mdogo. Nikatoa kabatini vitu vyake vyote na vya Tajiri, magauni, mashati, mashuka ya vitanda vyao. Nikakaa chini nikafumua uzi wa kijani, pembe baada ya pembe, mpaka mapaja yakajaa vipande vya nyuzi. Kisha nikatafuta kwenye kopo rangi ambayo sijampa mteja yeyote. Ilikuwepo ya zambarau. Nikashona.

Asubuhi Mama alikuja na furushi lake, kama kawaida, akataka kulitupa kapuni apite. Kapu nilikuwa nimeliondoa. Palikuwa na meza, nami nimesimama upande mmoja.

"Kapu liko wapi?"

"Weka hapa, Mama. Tuhesabu."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani. Nikafungua furushi. Akaona uzi kwenye gauni la juu, akaushika, akausugua kwa kidole gumba, kijani hakikutokea. Kicheko kikaisha. Nikamwonyesha upande wake wa meza, naye akauendea. Akasimama.

"Gauni moja," nikasema.

Mashine zilikuwa zikitikisika nyuma yetu na vikombe vikigongana jikoni. Nikangoja, kama ninavyomngoja mteja yeyote.

"Limo," akasema.

"Gauni la pili."

"Limo."

Likafika taulo la maua. Halikuwa limewahi kutakata sawasawa. Ukilisogeza puani bado lilinuka kwa mbali. Nikalifunua lote juu ya meza ili alione pembe zote nne.

"Taulo moja," nikasema.

Alikunja pembe moja ya taulo, akaikunjua, na mkono wangu mmoja ulitaka kuvuka meza. Niliuzuia kwa ule mwingine.

"Mama, nasubiri. Taulo moja."

"Limo, mwanangu," akasema.

"Limo," nikarudia, nikaliweka upande wa wateja.